Flag moja ya kompaila ilivyomfanya Guyo wa Korbesa aitwe mwizi wa maji

Wakuu, habari za humu ndani. Na wale wa salaam aleikum, nawaitikia mapema msije mkasema nimewabagua.

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenivuruga kichwa na nimechoka kulizungusha peke yangu. Majina nimebadilisha, maana Isiolo ni ndogo na watu wanajuana. Mengine yote yalitokea vile nitakavyoyasema.

Chumvi siongezi. Jambo lenyewe lilikuja na chumvi yake.

Mimi ni mwanamke, nakaa Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, kazi yangu ni kuandika programu. Wazazi wangu walishuka kutoka Meru zamani wakafungua duka la misumari na mabati mjini, na mpaka leo mama yangu akiulizwa nafanya nini anasema "anatengeneza kompyuta". Nimeacha kubishana naye.

Tangu serikali za county zianze, visima vya sola vimeongezeka huku kwetu. Kamati ya maji ya Korbesa, kule upande wa Merti, walikuwa na pampu ya sola na shida moja: tangi likijaa, mtu lazima akimbie kuzima. Wakaniomba niwatengenezee kitu cha kuzima chenyewe.

Nikatengeneza. Kompyuta ndogo ndani ya boksi, sensor ya kupima maji ndani ya tangi, waya kati yao. Maji yakipungua pampu inawaka, tangi likijaa inazimika. Programu niliiandika kwa C.

Sasa sikilizeni hapa kidogo, maana hapa ndipo kila kitu kimelala.

Kibanda cha pampu ndicho chenye umeme wa uhakika Korbesa. Kwa hivyo kila mtu anachaji simu hapo. Boksi langu lina matundu machache ya USB, na moja limekaliwa na waya wa sensor. Nilijua kabisa kitatokea nini. Mtu atachomoa sensor, achomeke simu yake, aende zake.

Kwa hiyo niliandika ulinzi. Sensor ikikosa kusoma haileti sifuri, inaleta kitu kinaitwa NaN, yaani "hii si namba". Programu yangu inauliza kila mara: nimeletewa NaN? Kama ndiyo, zima pampu, ngoja waya urudishwe.

Nilijaribu kwa laptop mezani kwangu. Nachomoa waya, taa ya pampu inazimika. Narudisha, inawaka. Nilijisifu kidogo, sitawaficha.

Kwenye boksi lenyewe sikujaribu kuchomoa, kwa sababu boksi lilikuwa limeshaondoka. Wanaojua barabara ya Merti wanajua huchagui siku ya mzigo. Lori likisema linatoka, unatupa mzigo wako juu ama unasubiri mpaka usahau ulikuwa unatuma nini. Boksi likatangulia na lori la unga, na programu ikafuata kwa memory card, mfukoni mwa dereva wa pickup ya miraa.

Ikawekwa, ikafanya kazi, nikapigiwa simu ya pongezi. Mzee Halake mwenyewe ndiye alipiga.

Mzee Halake ni abba herega wa pale. Herega ni zamu ya kunywesha mifugo. Leo ngamia za fulani, kesho ng'ombe za fulani, mbuzi wa nani wanafuata nani, na yeye ndiye anasimamia. Kwa Waborana hili si jambo la mchezo. Mtu akinywesha mifugo nje ya zamu yake, hasa wakati wa kiangazi, hiyo ni aibu inayomfuata hadi kwenye mikutano. Hata akiongea, hakuna anayemsikiliza.

Mwenye ufunguo wa kibanda alikuwa Guyo. Kijana mtaratibu, ana mke na watoto, anaongea kama mtu anayelipia kila neno.

Kiangazi kikakaza. Ndipo simu ya pili ikaja.

Tangi lilikuwa linamwagika mchana. Maji yanafurika, yanatengeneza dimbwi nyuma ya kibanda, na mbuzi wanaoshinda karibu na hapo wanakunywa bila zamu. Mbuzi hao ni wa nani? Wa kaka yake Guyo. Boma lake ndilo liko karibu zaidi na tangi.

Mnaona vile mambo yalivyojipanga.

Watu wakasema Guyo anaiachilia pampu makusudi ili mbuzi wa kwao wapate. Guyo akasema hapana, yeye anachomoa tu waya watu wachaji simu, vile wamezoea, na pampu inaendelea yenyewe. Wakasema basi tumuulize mwenye mashine.

Mzee Halake akanipigia, simu ikiwa kwa spika, nasikia watu wengi wakikohoa nyuma.

"Binti yangu, huo waya ukitolewa, pampu inaendelea?"

Nikamwambia angoje kidogo. Nikachomoa waya mezani kwangu. Taa ikazimika.

"Hapana mzee. Haiwezi."

Nilisema haiwezi, wakuu. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Baadaye jioni Guyo akapiga mwenyewe. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi.

"Injinia, mimi natoa waya, pampu haizimi. Wewe unasema inazima."

"Guyo, labda hujachomoa vizuri."

"Nimetoa yote. Iko kwa mkono yangu."

"Basi sijui. Programu haiwezi kufanya hivyo."

Akasema ufunguo umechukuliwa, na kamati itakaa baada ya swala ya Ijumaa kuamua mambo yake. Akaniomba kitu kimoja tu, nije nione kwa macho.

Nilienda, na si kwa wema. Nilienda kumwonyesha kuwa programu yangu ni nzima. Nilikuwa nimejaa kiburi na vumbi kwa kiasi sawa.

Nikafika kibandani. Ufunguo sasa ulikuwa na mpwa wa Mzee Halake, akatufungulia. Guyo akasimama nje, hakuingia mpaka nilipomwita. Pampu ilikuwa inavuta maji vizuri. Nikashika waya wa sensor, nikachomoa.

Pampu ikaendelea.

Nikarudisha, nikachomoa tena. Ikaendelea tu, haina habari na mimi.

Nilimtazama Guyo. Alikuwa anatazama nje kwenye ngamia.

Wakuu, hapo ndipo nilianza kupotea. Nilitoa laptop yangu, nikaunganisha ile ile sensor, ule ule waya, nikaendesha ile ile programu. Nikachomoa. Laptop ikasema zima pampu. Nikarudi kwa boksi. Boksi linasema endelea.

Code moja, kila herufi sawa. Nilifungua mstari wa ulinzi nikausoma kwa sauti. Uko pale, umeandikwa na mimi, na boksi linaupita kama haupo.

Nikashuku joto. Nikashuku boksi lilirushwa kwa lori. Nikashuku memory card. Kwa aibu yangu, kwa muda mfupi nikashuku tena Guyo, kwamba labda alibadilisha kitu ndani. Mtu ambaye simu yake ni ya vibonye.

Kwa wasio wa fani hii, naeleza kwa ufupi. Ninachoandika mimi mashine haikielewi. Kuna programu inaitwa kompaila ndiyo inatafsiri. Wakati wa kutafsiri unaweza kuipa maagizo ya pembeni, yanaitwa flags. Fanya haraka, fanya pole pole, tafsiri kwa ajili ya mashine hii au ile. Na ili usiyaandike kila siku, unaweka script, yaani faili la amri, inayopanga flags zote kabla kazi haijaanza.

Script yangu sikuwa nimeiandika. Niliipata kwa rafiki yangu Kinoti, ana duka la kurekebisha simu na kamera mjini Isiolo. Yeye aliitumia kwa programu yake ya picha za kamera, kwenye vikompyuta vidogo kama hivi vyangu. Ilifanya kazi, nikaichukua, nikabadilisha jina la mradi, basi. Na msiniangalie hivyo, nyote mnafanya.

Nikakumbuka kuangalia flags. Nikafungua Makefile, lile faili ambalo script inalitoa, nikaona neno limekaa pale: -Ofast. Maana yake harakisha kabisa. Nikalifuta. Nikajenga programu upya, nikaweka kwa boksi, nikachomoa waya.

Pampu ikaendelea.

Nikasema sawa, basi si flags. Nikapoteza muda mrefu sehemu nyingine kabisa. Kumbe amri yangu ya kujenga huanza kwa kuendesha script, na script inaandika Makefile upya kila mara. Nilikuwa nafuta neno kwa mkono mmoja na kulirudisha kwa mkono mwingine, huku nashangaa nani ananichezea.

Nikagundua hilo kwa bahati tu, nilipofungua faili tena na kukuta neno nililolifuta limerudi. Nilihisi kama naota mchana.

Haya. Nikaamua kutofuta chochote, nitoe agizo langu kwa nguvu. Nikaandika CFLAGS="-O2" mbele ya script, yaani harakisha kwa kiasi, usivuke mpaka. Script ikanijibu vizuri kabisa kwenye skrini: CFLAGS ni -O2. Nikafurahi. Nikajenga, nikaweka, nikachomoa.

Pampu ikaendelea.

Nje mlio wa kengele za ngamia, wachungaji wanachungulia dirishani, na mimi nimekaa juu ya mtungi uliopinduliwa na laptop mapajani. Mzee mmoja akauliza kwa Kiborana, mwingine akacheka. Sikuuliza wamesema nini. Nilikuwa karibu kulia, na sikutaka mtu anione.

Guyo akaniletea chai kwa kikombe cha bati. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Nilipomaliza chai nikafanya kitu ambacho ningefanya mwanzo kama ningekuwa na akili. Script ya Kinoti inaficha amri zenyewe, inaonyesha tu jina la faili linalotafsiriwa, ili skrini iwe safi. Nikaiambia isifiche. Nionyeshe kila neno unaloiambia kompaila.

Ikaonyesha. Mstari mrefu. Mwanzoni -O2, langu. Mwishoni kabisa, -Ofast.

Nikashuka mpaka chini ya script. Kuna mahali inauliza: tunajengea laptop au kikompyuta kidogo? Kama ni laptop, inaacha flags zako kama zilivyo. Kama ni kikompyuta kidogo, inachukua flags zako na kubandika -Ofast nyuma yake. Na kompaila ikipewa maagizo mawili ya aina hiyo, inafuata la mwisho.

Ule ujumbe wa kunifurahisha ulikuwa unaandikwa kwenye skrini kabla ya kubandika. Kwa hivyo script haikunidanganya. Iliniambia ukweli wa mapema mno.

Bado nilikuwa sielewi kitu kimoja. Haraka tu inazuiaje ulinzi wangu? Nikafungua maelezo ya kompaila kwenye laptop, nikasoma pole pole, mara mbili mbili. -Ofast inawasha nyingine ndani yake, -ffast-math. Na hiyo, pamoja na mengine, inaiahidi kompaila kwamba kwenye programu hii NaN haitatokea kamwe.

Haitatokea kamwe.

Basi kompaila, ikiwa na ahadi yangu mkononi, ilifika kwenye mstari unaouliza "nimeletewa NaN?" Ikajibu hapana bila kuangalia, kwa sababu mwenye programu amesema haiwezekani. Na kwa kuwa jibu ni hapana siku zote, ikaufuta mstari wote. Likabaki swali moja tu, tangi limejaa? Na kitu kisicho namba hakiwezi kujibu ndiyo, basi pampu ikaendelea. Ulinzi wangu haukufika Korbesa hata siku moja. Uliachwa Burat.

Na Kinoti hana kosa, naomba msianze. Programu ya picha inataka mbio, na NaN kwake haina kazi. Nilipompigia baadaye alicheka, mpaka nilipomwambia habari za Guyo.

Nikatoa ule mstari kwenye script. Nikafuta vyote vilivyojengwa, nikajenga upya, nikaweka kwa boksi. Nikachomoa.

Pampu ikazimika.

Nikageuka nimwambie Guyo kwa furaha. Nikamweleza yote, vile kompaila iliambiwa jambo haliwezekani ikafuta swali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kumbe hiyo kompaila ni kama wewe tu. Mtu anaambiwa kitu imetokea, anasema haiwezi."

Hakusema kwa ubaya.

Ijumaa baada ya swala tulikaa nje ya kibanda. Kamati, wenye mifugo, akina mama na mitungi yao. Nilisalimia, nikaomba kuongea kwanza. Nikasema niliwaambia kwa simu kuwa haiwezi, na nilikosea. Ilikuwa inaweza. Maji yaliyomwagika yalimwagwa na mashine yangu, na Guyo alisema kweli tangu siku ya kwanza.

Mmoja wa kamati akauliza, "Sasa ni mashine inaiba maji?" Watu wakacheka. Mama mmoja hakucheka. Akauliza mbona kaka yake Guyo hakuwafukuza mbuzi. Swali zuri, na si la kompyuta. Kaka mwenyewe alikuwepo, akatazama viatu vyake, akasema mbuzi wana kiu na hawajui herega. Hilo wakaliweka kando wakalimalize wenyewe.

Mzee Halake akasema tuone kwa macho. Tukaenda mlangoni. Pampu inavuta. Akamwambia Guyo achomoe waya.

Guyo akaweka mikono nyuma.

"Mzee, toa wewe."

"Wewe ndiye unajua."

"Toa wewe. Mimi nitaangalia."

Mzee Halake akaingia, akachomoa mwenyewe. Pampu ikazimika. Akarudisha, ikawaka. Akachomoa tena, nadhani hiyo ya pili ilikuwa ya raha tu. Akachukua ufunguo kwa mpwa wake, akampa Guyo mbele ya watu wote, akaongea Kiborana kwa muda. Niliambiwa ni maneno ya kumsafisha jina. Guyo akaupokea, akasema asante, basi.

Nilirudi Burat nikijiona nimemaliza kazi.

Somo la kompyuta ni rahisi, waliobobea mnaweza kunicheka. Script ya kuazima isome mpaka chini, siyo juu tu. Usiamini flags ambazo script inakutajia, ilazimishe ionyeshe amri yenyewe. Flags za mtumiaji ziwe za mwisho, siyo za mwanzo. Na jaribu kwenye mashine ile ile itakayofanya kazi, hata kama lori linapiga honi nje.

Somo la pili silielewi vizuri, ndiyo maana nimefungua uzi.

Juzi nilirudi Korbesa kuongeza matundu ya kuchajia simu, ili sensor isiguswe tena. Kila kitu kiko sawa. Tangi halimwagiki, zamu inaenda, Guyo ana ufunguo wake. Nikamwomba anichomolee ule waya kidogo nifunge kifaa kipya. Akatoka nje, akamwita mama aliyekuwa akichota maji, akamwomba aingie achomoe. Kisha akarudi akasimama mlangoni, mahali ambapo watu wote wanamwona, mikono nyuma.

Nikamuuliza kama hivyo ndivyo anafanya siku zote sasa. Akasema ndiyo, huwa anaita mtu, yeye waya haugusi tena.

Ile -Ofast niliifuta kwa mstari mmoja, nikajenga upya, ikaisha. Hii ya Guyo nimetafuta imeandikwa wapi, sijaiona. Mwenye kujua inafutwaje, hapo chini pako wazi.